Prosesa Iliyoimba Mi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe la fundi nililoshonewa na mama yangu, na kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimeambiwa nilivue. Karakana yetu ilikuwa Mwanjelwa, mjini Mbeya, nyuma ya maduka ya vitenge, chumba kirefu chenye meza sita za kazi na dirisha moja kubwa lililotazama mlima Loleza. Mkuu wa Karakana alikuwa Mnyakyusa mrefu, mtu wa redio tangu ujana wake. Alisoma cheti changu cha ufundi wa elektroniki mstari kwa mstari, akakikunja vizuri, akanirudishia.

"Cheti kizuri sana, binti," akasema. "Na mwandiko wako ukoje?"

Nikamwambia ni mzuri, maana masista walionifundisha Tosamaganga hawakuwa na mchezo na mwandiko.

"Basi utakaa mapokezi. Utaandika kadi."

Mafundi watano wakacheka kichinichini bila kuinua vichwa. Koti nikalitundika nyuma ya mlango, nikakaa mapokezi mwaka mzima na miezi kadhaa. Sitaki kuwadanganya kwamba nilivumilia kwa upole, kwa sababu nilikuwa na hasira kila siku ya Mungu.

Lakini hizo kadi lazima niwaeleze, kwa sababu habari yote hii imo ndani yake. Kila kifaa kilichoingia kwetu kilipata kadi. Juu niliandika jina la mteja na ugonjwa wa kifaa. Katikati palikuwa na visanduku vitatu vya ukaguzi: Picha, Sauti, Joto. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "Fundi", na hapo alisaini aliyetengeneza. Kadi ilikuwa na nakala ya kaboni. Moja alipewa mteja, nyingine ilikunjwa mara nne ikawekwa ndani ya kifaa chenyewe kabla ya kukifunga, ili fundi mwingine akikifungua siku za mbele ajue nani alipita na alifanya nini. Mkuu aliuita utaratibu huo kuacha salamu. Mimi niliandika kadi zote za karakana ile, juu hadi katikati, ila ule mstari wa chini haukuwa wangu. Nilitaka jina langu liandikwe pale kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote.

Mlango wangu ulifunguliwa na gemu. Miaka hiyo mashine za gemu za kuchomeka kwenye televisheni zilikuwa zimeanza kuingia Mbeya kwa wingi, na zikiingia mjini hazikawii kuingia karakana. Mafundi wetu walizidharau. Mtu aliyefungua redio za mbao za wakubwa anaona aibu kukutwa ameshika kitu chenye vibonye vyekundu. Zikarundikana kwenye rafu hadi zikafika dirishani, na wateja wakaanza kunipigia kelele mimi wa mapokezi. Siku moja Mkuu akaja akasimama mbele ya meza yangu.

"Wewe si umesoma haya mambo mapya? Chukua ile meza ya mwisho. Nakupa miezi mitatu. Kadi nitasaini mimi. Na ukiniharibia kifaa kimoja tu, mapokezi hapa bado hapajapata mtu."

Nikaenda nyuma ya mlango nikachukua koti langu.

Sasa ninyi vijana mnaobadilisha bodi nzima kwa sababu hamjui kipi kimekufa, nisikilizeni kidogo. Mashine ya gemu ya wakati ule ilikuwa na prosesa unayoweza kuishika kwa vidole viwili: kipande cheusi, kirefu, chenye miguu arobaini, ishirini kila upande. Miguu kumi na sita ilikuwa ya kuuliza, yaani kutaja anwani ya mahali neno fulani lilipohifadhiwa. Minane ilikuwa ya kupokea jibu au kulipeleka. Mmoja ulikuwa wa kuiamsha ukibonyeza kitufe cha kuanza upya, mmoja wa kuingiza mapigo ya saa, na mguu wa mwisho, wa arobaini, ulileta umeme wa volti tano. Miguu miwili ya kwanza ndiyo niliyoipenda mimi. Ilikuwa ya kuimba. Prosesa ile haikufikiri tu, ilitoa na muziki wenyewe, sauti zote ndani ya kipande kimoja. Nilikuwa nimeimba kwaya tangu utoto, sauti ya pili, kwa hiyo nilipoiweka prosesa ya kwanza mezani na ikaanza kuimba nilijiona nipo nyumbani.

Mapigo ya saa yalitoka kwenye kristali, kijiwe kilichofungwa ndani ya kikopo cha bati, kinachotetemeka haraka mno. Prosesa haiwezi kukimbia kwa kasi hiyo, kwa hiyo inayagawanya mapigo yale kwa hesabu yake ya ndani kwanza. Zile za mashine zilizokuwa zikija kwetu ziligawanya kwa kumi na tano. Hiyo kumi na tano ishikeni.

Wiki ya saba ya majaribio yangu, akaja mama mmoja kutoka Chimala, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mafundi walimwita Mama wa Mashine. Uani kwake alikuwa ameweka televisheni na gemu, wenye mpunga wacheze wakisubiri zamu, na watu walikuwa wakipita mashine za wenzake na magunia yao ili waje kwake. Kisha kuna mtu alichomeka adapta ya redio, yenye volti nyingi na ncha zilizogeuzwa. Regyuleta, kile kifaa kinachoshusha umeme hadi volti tano, ikaungua, ikaacha umeme wote upite, na prosesa ikafa papo hapo.

"Binti yangu, wananihama," akaniambia. "Tangu juzi uani kumepooza. Wamerudi kule kwingine."

Nikamwahidi baada ya siku mbili. Ghalani tulikuwa na katoni mpya ya prosesa kutoka Dar, zote nyeusi, zote za miguu arobaini. Nikabadilisha regyuleta, nikaitoa prosesa iliyokufa mguu kwa mguu, nikaweka soketi, kiti cha kuchomekea miguu, ili siku nyingine mtu asiteseke, nikachomeka prosesa mpya, nikawasha. Picha ikaja safi, rangi zake zote. Muziki ukaanza.

Nikaweka bisibisi chini. Wimbo wa kufungulia gemu ile nilikuwa nimeusikia kwenye mashine nyingine mara zisizohesabika, na do yake niliijua kama ninavyoijua ya misa ya Krismasi. Sasa ulikuwa unaanzia pale ilipokuwa mi. Nikaimba taratibu, do, re, mi, nikaikuta. Do yote ilikuwa imehamia kwenye mi, sawasawa kabisa, bila kupungua wala kuzidi.

Nikamwita Mkuu. Akasikiliza mikono ikiwa mgongoni.

"Hiyo kanda inakimbia," akasema. "Fungua, safisha hedi kwa spiriti, legeza mota kidogo."

Msimcheke. Sote tulikiita kanda kile kijisanduku cha gemu unachokichomeka juu, kwa sababu kilifanana na kanda ya redio na hatukuwa na jina lingine. Na yeye maisha yake yote alikuwa ametengeneza redio za kanda za kweli, zenye hedi ya kusoma utepe na mota ya kuuzungusha, ambazo mota ikizidi kasi, sauti ya mwimbaji inapanda. Neno ndilo lililompoteza. Nikachukua bisibisi, nikaifungua ile kanda mbele yake. Ndani mlikuwa na bodi ndogo ya kijani na vipande viwili vyeusi, basi.

Akatazama. Mafundi wote walikuwa wameacha kazi.

"Utepe uko wapi?"

"Hamna utepe, Mkuu. Hamna mota."

"Basi kwa nini inaitwa kanda?"

"Tumeiita sisi, Mkuu. Na hata ingekuwa na utepe, kanda ikikimbia wimbo unapanda na unaharakisha. Huu umepanda tu. Mapigo ni yaleyale." Nikampigia mapigo kwa kidole juu ya meza. "Kasi ya wimbo inatoka kwenye kipande cha picha, kinachohesabu picha hamsini kila sekunde. Hicho ni kizima. Ile sauti inatoka kwenye prosesa. Prosesa ndiyo inayokimbia."

Akavaa ukuu wake. "Binti, picha ipo. Sauti ipo. Mtu anacheza. Hayo ya do na mi yapeleke kanisani. Kesho mteja anakuja, apewe chake."

"Itaungua, Mkuu. Inakimbizwa kuliko uwezo wake. Ikifika Chimala itaganda, na watasema imetengenezwa Mwanjelwa."

Sijui nilipata wapi ulimi. Fundi wa meza ya pili alinionyesha kwa macho ninyamaze, nami nikamtazama hadi akarudi kwenye redio yake. Mkuu alinisogelea.

"Sawa. Kesho tukifungua mlango, uiwashe. Icheze mpaka chai ya saa nne. Ikiganda, nimekosea mimi. Isipoganda, koti lile unalirudisha mlangoni na huligusi tena. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Nilikwenda nyumbani bila kuwa na hakika. Sikio langu niliamini. Ila uvumilivu wa kipande kile sikuujua, kingeweza kustahimili wiki nzima na mimi nikawa wa kuandika kadi maisha yangu yote.

Saa mbili kamili nikawasha. Mama wa Mashine naye alifika mapema, akavuta kiti, akaambiwa jambo lenyewe, akakaa upande wangu bila kuulizwa. Saa mbili na nusu, wimbo unaimba. Saa tatu, unaimba. Fundi wa meza ya pili akaanza kupiga mluzi akiufuatisha. Saa tatu na nusu nikaweka kidole juu ya prosesa, nikakiondoa upesi kwa joto. Bado inaimba. Sufuria ya chai ikaletwa na maandazi yake, vikombe vikapangwa. Mkuu akatazama saa ya ukutani, akatazama koti langu.

"Haya, binti," akaanza.

Picha ikasimama. Mtu wa gemu alikuwa ameruka, akabaki hewani miguu imepanda. Muziki ukakatika wote isipokuwa noti moja, iliyobaki ikilia ndefu, bila kupumua, kama mwanakwaya aliyesahau kufunga mdomo wenzake walipomaliza.

"Mi," nikasema.

Mama wa Mashine akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi sokoni. Mimi nililia na kucheka pamoja, na sikujificha. Mkuu alienda ghalani, akarudi na katoni nzima ya prosesa, akaitua mbele yangu.

"Zichambue," akasema.

Nikazichambua siku hiyo kwa kazi moja: chomeka kwenye soketi, washa, sikiliza, zima, chomoa. Kumbe katoni ilikuwa na aina mbili zilizochanganywa, umbo moja, herufi moja tu ya mwisho ikitofautiana, ndogo isiyosomeka bila kioo cha kukuzia. Nikatafuta makopo mawili ya maziwa ya unga, moja nikaliandika Do, jingine Mi. Na hapo ndipo nilipokumbuka kinanda cha kanisani. Sista mpiga kinanda alitufundisha kwamba ukichukua uzi wa gitaa unaoimba do, ukaukata ubaki sehemu nne kati ya tano, utaimba mi. Nne za tano. Nikachukua kumi na tano yangu ya prosesa, nikatafuta nne za tano zake, nikapata kumi na mbili. Zile za kopo la Mi ziligawanya kwa kumi na mbili, na kigawanyo kikipungua, prosesa inakimbia zaidi! Zilitengenezwa kwa ajili ya nchi zenye televisheni za mfumo mwingine na kristali nyingine, zikapotea njia zikaja kwetu. Baadaye muuzaji wa Dar alituandikia kukiri hivyohivyo, nami nikaipitia barua ile kila siku kwa wiki nzima.

Mashine ya Chimala nikaichomekea prosesa ya kopo la Do. Ikaimba mahali pake. Mkuu akaja na kadi na kalamu. Nikadhani anataka kusaini.

"Andika," akasema, akanipa kalamu.

Nikaandika jina langu kwenye mstari wa chini. Kwa haraka yangu P ya Perpetua ikatoka na mikia miwili. Kisha Mkuu akafanya jambo la ajabu: akaniambia niende kunywa chai, mashine ataifunga mwenyewe. Mtu huyu hakuwa ameshika bisibisi mbele za watu tangu apewe ukuu. Nilipogeuka nikamwona ameinama juu ya kadi, akiandika kitu. Nilidhani anaweka tarehe. Mama wa Mashine alipokabidhiwa chake akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Mwezi uliofuata alinitumia mchele wa Mbarali, ujumbe ukisema uani kumerudi watu.

Mkuu hakuwahi kutamka kwamba alikosea. Alichofanya ni kuagiza kadi mpya kutoka kiwanda cha uchapaji, na zilipokuja tukaona visanduku vimekuwa vinne: Picha, Sauti, Joto, Do. Kuanzia hapo hakuna gemu iliyotoka Mwanjelwa bila mimi kuiimbia. Mafundi walioniita binti wakaanza kuita kutoka mezani, "Fundi, njoo uimbe!" na fundi wa meza ya pili akajifunza do yake, ingawa alikuwa na sikio zito kweli.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa tawi la karakana yetu huko Iringa, niwe msimamizi wa vifaa vya kidijitali. Meneja wa Tawi alinipokea vizuri, Mhehe mmoja mpole mwenye kupenda kila kitu kiwe kimejazwa. Akanionyesha mafaili yake. Nikakuta kwenye kila kadi ya Iringa, ya redio, ya pasi, hata ya jiko la umeme, kisanduku cha Do kimewekewa vema.

"Meneja, hapa kwenu Do mnaiangaliaje?"

"Ah, hiyo ni Kiingereza tu," akanijibu kwa kujiamini. "Do, yaani imefanyika. Kazi imefanyika."

Niliketi chini nikacheka hadi akaniletea maji. Pasi ilikuwa imepita mtihani wa do! Nikamweleza habari yote, na kesho yake asubuhi akawakusanya mafundi wote, akaniambia niwafundishe kuimba. Wahehe wakafurahi kuliko nilivyotegemea. Mafundi Walutheri wa kwaya ya mjini walinishinda hata mimi kwa wepesi wa sikio, ingawa siwapi sifa hiyo wakiwepo.

Iringa ndiko nilikokuta mwisho wa prosesa za miguu. Mashine mpya zilikuja na tone la lami tu katikati ya bodi, jeusi, gumu, prosesa na picha na kila kitu vimezikwa humo ndani. Huwezi kuchomoa, huwezi kupima mguu. Niliyachukia matone yale, na bado nayachukia. Lakini hata lami inaimba, na zaidi ya mara moja nilijua kristali imechoka kwa sababu do imeshuka. Nilifundisha mafundi wa tawi lile hadi nikawa Fundi Mkuu, halafu Mkuu wa Karakana mwenyewe, nikiwa na mabinti wanne kwenye meza za kazi, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza habari ya mwandiko wake. Mkuu wetu wa Mwanjelwa alifariki nikiwa huko. Nilisafiri kwenda kumzika, nikaimba sauti ya pili, na nilirudi nikiwa bado na neno moja nililotamani kulisikia kutoka kwake.

Sasa nimestaafu, nipo Kihesa, hapahapa Iringa, nina meza moja dirishani. Mwezi uliopita akaja mwanamke mtu mzima na mfuko wa sulfeti.

"Kamwene, Mama Fundi," akanisalimu. "Natokea Chimala. Mama ndiye kanituma. Amesema nikuulize bado unaimba?"

Alikuwa binti wa Mama wa Mashine. Mama yake yu hai, kazeeka, na anataka kuisikia tena ile gemu yake. Kwenye mfuko ilikuwa ndiyo yenyewe, imegeuka njano kwa miaka. Nikafungua skrubu nne. Prosesa yangu ilikuwa kwenye soketi yake, miguu arobaini, na pembeni kadi imekunjwa mara nne. Sikuikunjua, maana niliiandika mwenyewe na nilijua kila neno. Kilichokufa kilikuwa kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, imevimba kwa uzee. Nikaweka nyingine, nikawasha, picha ikaja, muziki ukaanza.

"Do," nikasema. Binti wa Chimala akapiga kigelegele, cha mama yake kabisa.

Nikaandika kadi mpya, nikasaini. Nilipotaka kuikunja pamoja na ile ya zamani, nikaona nyuma ya ile ya zamani pana maandishi ya kalamu ya risasi. Nikaikunjua. Mbele, chini ya Joto, Mkuu alikuwa amechora kisanduku cha nne kwa mkono wake, kabla kiwanda hakijakichapa. Nikaigeuza. Mwandiko wake uliosimama wima niliufahamu palepale:

"Kwa fundi atakayefungua. Prosesa hii imechaguliwa kwa sikio la Fundi Perpetua. Ukimsikia anaimba, msikilize. Mimi nilisema ni kanda."

Nilikaa kitako nikalia mbele ya mteja, nikamsomea kwa sauti, nikamsomea tena. Kisha nikazikunja kadi zote mbili pamoja, nikazirudisha mlemle ndani pembeni mwa prosesa, na skrubu nne nikazifunga mwenyewe.